Balozi wa Magari Kumi

Nianze kwa kuishukuru serikali yetu, kwa sababu katika nchi yetu mtu akianza hadithi kwa jambo lingine huitwa mahali akaeleze kwa nini. Naishukuru kwa barabara. Tunayo moja. Inaitwa Barabara ya Ukombozi, inatoka kwetu Kigongoni hadi mjini zilipo ofisi zote za serikali, na urefu wake ni kilomita tisa. Kilomita hizo mimi huzimaliza kwa saa tatu, siku ambayo mambo yamekwenda vizuri.

Najua msomaji wa nchi nyingine, kwa ujuaji wake, atauliza kwa nini nisitembee kwa miguu. Nilitembea, mara moja. Nilifika ofisini nikiwa wa kwanza, nikapewa barua ya onyo. Kwa mujibu wa waraka, mtumishi wa ngazi yangu haruhusiwi kuingia ofisini akiwa na vumbi juu ya kifundo cha mguu, maana wananchi wakimwona wanaweza kudhani serikali imechoka. Baiskeli imekatazwa katika waraka uleule, aya ya pili. Atauliza tena kwa nini nisiamke mapema zaidi. Jamani, naamka saa kumi alfajiri! Niliwahi kujaribu saa tisa, nikakuta majirani wote nao wameamua hivyo hivyo siku hiyo hiyo. Foleni ikawa ileile, ila safari hii tulikuwa na usingizi.

Mimi naitwa Mwinchande, karani wa Idara ya Mizani na Vipimo, mwaka wa ishirini na tisa kazini. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba kilo moja ya sukari inabaki kuwa kilo moja. Jambo hilo halina ubishi mkubwa, kwa hiyo tunapata nafasi ya kutosha kushughulikia daftari la mahudhurio.

Daftari hilo hukaa mezani kwa Bi. Mwamvua, mtunza masjala. Kila anayefika anasaini. Ikigonga saa moja na nusu asubuhi, Bi. Mwamvua anachukua rula na kalamu nyekundu, anapiga mstari chini ya jina la mwisho, na yeyote atakayesaini chini ya mstari huo amechelewa, hata kama mguu wake mmoja ulikuwa tayari ndani ya mlango. Mistari mitatu kwa mwaka, unaitwa mbele ya Kamati ya Nidhamu. Kamati ya Nidhamu haijawahi kumsamehe mtu kwa sababu fomu yake haina nafasi ya kuandika msamaha.

Mimi nilikuwa na mistari miwili, na mwaka ulikuwa ndiyo kwanza umefika mwezi wa sita. Nilikuwa nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu kwa heshima, nisomewe hotuba, nipewe saa ya ukutani na kiinua mgongo changu. Mke wangu Mwanahija alikuwa amekwisha kuchagua ukuta wa kuitundika hiyo saa. Mstari wa tatu ukipigwa, nafukuzwa, na miaka ishirini na tisa inageuka hewa. Nililala na wazo hilo na kuamka nalo. Nikiwa kwenye foleni nilitokwa na jasho hata siku za baridi, nikitazama saa ya gari, ambayo kwa bahati nzuri ilikuwa imekufa zamani.

Foleni yenyewe ilikuwa na chanzo, na chanzo hicho kilikuwa na king'ora. Kila asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili, askari walifunga barabara ili msafara wa Waziri upite. Waziri huyo ni Mheshimiwa Injinia Daktari Kapulya, Waziri wa Barabara, Mwendo na Utulivu. Alikuwa akiwahi wizarani kupokea taarifa ya kila siku kuhusu kwa nini kuna foleni.

Mbunge mmoja, ambaye sasa si mbunge, alithubutu kumwuliza bungeni serikali ina mpango gani na foleni ya Barabara ya Ukombozi. Mheshimiwa Kapulya alisimama, akafunga kifungo cha koti, akanywa maji.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "serikali ni sikivu. Baada ya kusikia malalamiko haya, mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, nikiwa ndani ya gari, nimeikagua barabara hiyo. Mheshimiwa Spika, mimi napita pale kila siku ya kazi, saa ya kazi, na sijawahi hata siku moja kukuta gari mbele yangu! Hiyo foleni inayosemwa iko wapi? Nawasihi wananchi wapuuze uvumi."

Makofi yalipigwa kwa dakika nne. Sisi tulimsikiliza redioni, tukiwa tumesimama karibu na mnara wa maji, na kwa kweli alisema kwa ufasaha mkubwa.

Uvumi ungepuuzwa kabisa kama isingekuwa sensa. Makarani wa sensa walipopita Kigongoni walipiga hodi nyumba hadi nyumba wakakuta kuku. Wakarudi kesho yake, kuku. Siku ya tatu karani mmoja mwenye bidii akafuata njia walikoelekea wenye kuku, akatukuta barabarani, akatuhesabu kupitia madirishani. Tulikuwa watu elfu kumi na nne mia mbili na sita, na sheria ya nchi yetu inasema wazi kwamba mtu ni mkazi wa pale alipokutwa na sensa.

Basi hakukuwa na namna. Gazeti la serikali likatangaza kata mpya, Kata ya Foleni, yenye urefu wa kilomita tisa na upana wa leni tatu. Waziri alifafanua kwamba hatua hiyo haipingani na kauli yake ya bungeni, maana kata ile imepewa jina tu, kama vile mtu anavyoweza kuitwa Simba.

Kata yoyote kwetu lazima iwe na utawala hadi chini kabisa. Nyumbani tuna desturi ya tangu enzi za babu zetu wa ukombozi: kila nyumba kumi zina balozi wao. Balozi huyo hatumwi ng'ambo. Yeye hujua nani kalala wapi, nani kapata mgeni na nani kagombana na mkewe, na huwezi kupata hata kitambulisho bila barua yake yenye muhuri. Sasa Kata ya Foleni haikuwa na nyumba. Waraka ukaja, tukagawanywa magari kumi kumi, na kila magari kumi yakaamriwa kuchagua balozi.

Kumi letu lilikuwa la watu tunaofahamiana vizuri. Kushoto kwangu kila siku alikuwa Mwalimu Tunu wa hisabati, mama mmoja mkali, mwenye kigari kidogo cha bluu, aliyesahihisha madaftari ya wanafunzi juu ya usukani. Nyuma yangu alikuwa Kibwana, dereva wa boza la maji, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuwaamsha hata waliolala leni ya tatu. Wengine walikuwa watu wa kawaida.

Afisa wa kata alikuja kusimamia uchaguzi na ngazi ya kukunja, akaipanda. Akauliza nani anafaa.

"Mwinchande!" akasema Kibwana.

"Sifa zake?"

"Ana tai."

Afisa akaandika. Kisha akatangaza kwamba kura zitapigwa kwa honi, na anayenikubali apige honi yake. Wakati huohuo, mbele huko, pikipiki ya mtu ikamkatisha mwenye basi la shule, na honi zikalia kutoka mnara wa maji hadi daraja la reli. Nikatangazwa mshindi kwa kura za makumi kumi na manane, mengine hayajui hadi leo kwamba yalinichagua. Nilikula kiapo dirishani. Nikakabidhiwa bendera ndogo ya kuweka kwenye boneti, kidau cha wino na muhuri wa mpini wa mti.

Sitasema uongo, nilifurahi. Mwanahija alipouona muhuri aliufunga kwenye kitambaa cheupe, akauweka kabatini kando ya cheti chetu cha ndoa.

Kazi ikaanza. Ilibainika kwamba kwa mujibu wa sheria za ukazi, dereva akitoka leni moja kwenda nyingine anahesabiwa kuwa amehama kumi moja na kuingia kumi jingine, hata kama kumi lake lina magari katika leni zote mbili. Mtu hahami tu kama kunguru. Anahitaji barua ya utambulisho ya balozi wa anakotoka, nakala mbili, na barua ya kupokelewa ya balozi wa anakokwenda. Fomu ilimwuliza mwombaji sababu za kuhama, kama amewahi kuhama kabla, na majina ya wadhamini wawili wasio madereva.

Mwombaji wa kwanza alikuwa Kibwana.

"Balozi, nataka leni ya kushoto. Nakata pale Kisimani, napeleka maji kwenye harusi. Watu wamekaa na mchele mkavu wananingoja mimi."

"Wadhamini?"

"Balozi, mimi niko nyuma yako tangu mwaka juzi!"

"Ninakujua, Kibwana. Lakini mimi ni dereva, siwezi kukudhamini."

Ombi lake lilijibiwa siku ya tatu. Akapewa leni ya kushoto, akakata Kisimani, akafika na maji yake kwa vifijo, akakuta bibi harusi amekwisha hamia kwa mumewe. Waliyatumia kuoshea masufuria.

Msidhani hatukuwa na maisha. Wiki ya pili gari la wagonjwa lilikwama katikati yetu na mama ndani yake, uchungu umemshika. Nilipiga muhuri barua saba bila kusoma hata moja, na Mwalimu Tunu akaingia ndani na nesi. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, kilo tatu na robo, nilimpima mwenyewe maana mizani ya idara ilikuwa kwenye buti. Baba yake alikuwa kwenye foleni hiyohiyo, magari sitini nyuma, na habari ikapelekwa kwake kwa kupokezana dirisha hadi dirisha. Tulisikia honi yake ikilia kwa muda mrefu. Kwenye cheti cha kuzaliwa niliandika: Kata ya Foleni, leni ya kati. Nililia kidogo, na hakuna aliyenicheka.

Tatizo likawa kwamba barua zilichelewesha leni, na leni ikanichelewesha mimi. Mara mbili mwezi huo nilisaini rula ya Bi. Mwamvua ikiwa imekwisha tua kwenye karatasi, mstari bado. Mara ya pili nilisaini juu ya kidole chake.

"Ndugu Mwinchande," aliniambia akipangusa wino, "mimi sina ugomvi na wewe. Lakini mstari ni mstari."

"Uhurumie umri wangu, Bi. Mwamvua."

"Nauhurumia sana. Ila safu ya huruma haipo."

Bi. Mwamvua yeye hakuwa na shida ya foleni. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na ofisi, hatua arobaini. Ndiyo maana alipewa ufunguo.

Ikafika siku ya Kongamano la Kimataifa la Kukomesha Foleni. Wageni kutoka nchi kumi na moja walialikwa waje kujifunza namna sisi tulivyoikomesha. Mheshimiwa Kapulya alikuwa afungue kongamano saa moja na nusu, na askari walikuwa na amri ya kufunga barabara yote hadi wageni wa mwisho wapite, ili pasiwe na mgeni hata mmoja atakayekutana na jambo analokuja kulisikia limekomeshwa.

Kwa kawaida msafara wa Waziri hupita upande wa magari yanayorudi. Siku hiyo upande ule ulizibwa na lori lililovunjika ekseli, nalo lilikuwa limebeba mahema na viti vya kongamano. Msafara ukakata kuja upande wetu, ukapiga king'ora, ukaingiza pua kati ya gari langu na la Mwalimu Tunu, ukakwama hapo. Ilikuwa saa moja kasoro robo.

Mimi nilikuwa nimekwisha kukata tamaa. Mbele yangu palikuwa na kilomita saba na magari yamezimwa injini. Nilikuwa nikiwaza nitamwambiaje Mwanahija kuhusu ule ukuta.

Dirisha langu likagongwa. Alikuwa katibu wa Waziri, kijana mwembamba aliyevaa miwani ya jua ingawa jua lilikuwa halijachomoza vizuri.

"Mzee, sogeza gari. Waziri apite."

"Shikamoo kwanza huisemi," nikamjibu.

"Shikamoo. Sogeza gari."

"Marahaba. Gari ningesogeza, mwanangu, lakini msafara umeingia kumi la watu bila barua. Waraka namba nne, uliotiwa saini na Mheshimiwa mwenyewe."

Wallahi sikuwa na hila. Nilikuwa nimezoea tu kuuliza barua. Katibu alivua miwani, akaniangalia, akaangalia bendera ya boneti, akarudi mbio kwenye gari jeusi. Dirisha la gari jeusi likashuka taratibu, na kwa mara ya kwanza nikamwona Mheshimiwa Kapulya akiwa hatembei.

"Ndugu balozi!" akasema kwa sauti ya jukwaani, ingawa tulikuwa tumeachana kwa urefu wa mkono. "Nimefurahishwa mno na uzalendo wako. Serikali hii inajengwa na watu wa chini kama ninyi, ambao mnasimama imara mlipo. Simameni hivyo hivyo. Sasa nipishe."

"Ahsante, Mheshimiwa. Je, Mheshimiwa amewahi kuhama leni kabla?"

Katibu akainama tena dirishani kwangu, safari hii kwa sauti ya chini.

"Mzee wangu, unataka nini?"

Nikamweleza ukweli wote, daftari, rula, mistari miwili, miezi kumi na minne. Sikuomba kitu. Nilieleza tu kama mtu anavyomweleza daktari. Akakuna kichwa, akachukua orodha ya msafara, akaongeza mstari chini kwa kalamu: Gari la kumi na tisa, Mwinchande, mtaalamu wa vipimo.

Nilipiga muhuri. Magari yakasukumwa pembeni, mengine yakapandishwa ukingo wa mtaro, na msafara ukapita, nami nyuma yake. Nilipompita Mwalimu Tunu aliteremsha kioo.

"Balozi! Na sisi?"

Nilijifanya natazama gia. Wanafunzi wake walikuwa na mtihani asubuhi ile, nilijua, maana alituambia wiki nzima. Nyuma yangu askari wakavuta kamba, wakafunga.

Mambo mengine lazima mtu ayaone mwenyewe. Kilomita saba kwa dakika sita! Barabara ilikuwa tupu na safi, watu wamepangwa kando wakipunga mikono, na mimi nikawapungia. Nilielewa kabisa kwa nini Waziri haamini kwamba kuna foleni. Mimi mwenyewe nilianza kuwa na mashaka.

Wakaniacha mbele ya ofisi saa moja na dakika tano. Sijawahi kufika saa hiyo kwa gari tangu niajiriwe. Nilipanda ngazi mbili mbili, nikashika kitasa, nikakuta mlango umefungwa.

Nikageuka. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya kamba, alisimama Bi. Mwamvua na mkoba wake begani na funguo mkononi. Kati yetu palikuwa na hatua arobaini za lami tupu. Askari alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma.

"Bi. Mwamvua!" nikaita. "Nimefika! Shahidi yangu ni wewe!"

"Nakuona!" akajibu. "Umewahi!"

"Basi vuka ufungue!"

"Wamefunga hadi wageni wapite!"

"Nirushie ufunguo!"

Alishtuka kama nimemtukana mama yake.

"Ufunguo wa serikali haurushwi!"

Nikamwomba askari. Akasema hana amri ya kumvusha mtu, ana amri ya kumzuia, na kwamba hizo ni idara mbili tofauti. Tukabaki tukitazamana, mimi na Bi. Mwamvua. Kila baada ya muda lilipita gari la mgeni mmoja, jeusi, kimya, kisha barabara ikawa tupu tena. Ilipofika saa moja na nusu niliona Bi. Mwamvua anatazama saa yake ya mkononi, halafu ananitazama mimi, halafu anatazama chini. Roho iliniuma, na nadhani ya kwake pia.

Kamba iliondolewa saa nne. Akavuka, akafungua mlango, akavua mkoba, akaketi. Akachukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari juu kabisa ya ukurasa, kwenye karatasi tupu.

"Lakini uliniona!" nikasema. "Saa moja na dakika tano uliniona kwa macho yako!"

"Mimi nilikuona. Daftari halikukuona." Akanisogezea kalamu. "Saini hapa chini, ndugu yangu. Samahani sana."

Nikasaini chini ya mstari, nikiwa wa kwanza katika ukurasa. Na yeye akasaini chini yangu, maana ni mtu wa haki.

Kesho yake nilirudi kwenye kumi langu. Mwalimu Tunu hakunisalimia. Kibwana alinisalimia kwa sauti ndogo, jambo lililonitisha zaidi.

"Jana wanangu hawakufanya mtihani," Mwalimu Tunu akasema hatimaye, macho kwenye madaftari. "Bwana mkubwa wa msafara, ulifika salama?"

"Nilifika, mwalimu. Nikafungiwa nje, nikapigwa mstari wa tatu."

Akaweka kalamu chini. Kisha akanipitishia dirishani kikombe cha chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake, na nikajua nimesamehewa na mtu mmoja angalau.

Kamati ya Nidhamu ilipangwa kukaa Jumatatu saa mbili asubuhi chini ya Mkurugenzi wetu, Bwana Lukelelwa. Haikukaa, maana wajumbe wote watano walikuwa barabarani. Jumatatu ya pili haikukaa. Ya tatu alifika mjumbe mmoja, akajisubiri, akaondoka. Nami kila wiki nilijiandaa, nikavaa tai ileile, nikaagana na Mwanahija kama mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji. Alikuwa amepungua, maskini. Ule ukuta alikuwa ameutundikia kalenda ili usionekane mtupu.

Wiki ya sita Mkurugenzi akapata wazo. Bwana Lukelelwa ni mtu mwenye akili, husoma hata nyaraka alizoandika mwenyewe. Akagundua kwamba kila asubuhi wajumbe wote na mtuhumiwa wako mahali pamoja. Akaamua kamati ikae humohumo, Kata ya Foleni, siku hiyohiyo. Afisa wa kata akamweleza kwamba mkusanyiko wowote wa watu zaidi ya wanne ndani ya kumi unahitaji kibali cha balozi chenye muhuri, vinginevyo kikao ni batili. Akamwelekeza kwa balozi wa kumi husika.

Nilimwona kwenye kioo cha pembeni akija kati ya magari, suti ya kijivu, jasho limemtoka, ameshika jalada jekundu. Kwenye jalada niliona jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa. Nikajua mambo yamekwisha, nikaanza hata kutafuta maneno ya kumwambia Mwanahija.

Akainama dirishani.

"Habari za asubuhi, mzee. Namtafuta balozi."

Nikamtazama usoni. Alikuwa bosi wangu kwa miaka sita, na hakunijua! Nikakumbuka kwamba hakuwa na namna ya kunijua. Yeye huingia ofisini saa tano, na daftari lake la mahudhurio huletwa mezani kwake.

"Una shida gani naye?" nikauliza.

"Kibali tu cha kikao. Dakika mbili. Tuna mtumishi mmoja hapa, mtovu wa nidhamu, anaitwa Mwinchande."

"Kafanya nini?"

"Anachelewa kazini," akasema, akipangusa paji la uso. "Watu wa namna hiyo ndio wanaoirudisha nchi nyuma. Leo tunamalizana naye."

Muhuri ulikuwa kwenye mfuko wa shati langu, mpini umechungulia nje, na bendera ilikuwa inapepea juu ya boneti. Aliviona vyote viwili, nami niliona kwamba ameviona.

"Balozi hayupo," nikasema.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi nakaimu tu."

"Basi kaimu nipigie muhuri. Si huo hapo mfukoni?"

"Huu ni wa kuonyesha kwamba muhuri upo," nikamweleza kwa upole. "Wa kupigia anao balozi mwenyewe, na yeye yuko kikaoni."

Nasema kweli, nilisikia utamu ambao sikuwahi kuusikia katika miaka ishirini na tisa ya utumishi. Baada ya utamu nikasikia aibu, maana niliijua sauti ile niliyoitumia, nimeisikia madirishani maisha yangu yote nikiwa upande wa nje. Aibu ikapita. Kushoto kwangu Mwalimu Tunu alipandisha kioo chake hadi juu, na mabega yake yakawa yanatikisika. Kibwana akazima redio ili asikie vizuri.

Bwana Lukelelwa alisimama akiwa ameshika jalada kwa mikono miwili. Alikuwa amezoea kusema maneno haya, si kuambiwa.

"Nimetembea kutoka mnara wa maji," akasema, kwa sauti ya chini kabisa. "Wajumbe wananingoja."

"Pole sana. Jaribu kesho."

"Kesho saa ngapi?"

Mbele yetu hakuna gari lililokuwa limesogea hata hatua moja tangu saa kumi na mbili, na nyuma yetu foleni ilikuwa imefika Kigongoni. Nikazima injini, nikalegeza tai, nikaegemea kiti.

"Njoo mapema," nikamwambia. "Ukichelewa hutanikuta."